Discovery 4 yangu imekula kompresa mbili ndani ya miezi mitano: tuongee namna ya kuchagua spea za hizi gari

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na zile za "ninunue gari gani". Huu ni wa watu ambao wameshanunua, maji wameshayavulia nguo, kilichobaki ni kuyaoga.

Gari ni Land Rover Discovery 4, dizeli 3.0, modeli ya 2010, imetoka Uingereza. Nililinunua mkononi kwa mtu hapahapa Dar. Mwaka wa kwanza raha tupu, natoka Dar alfajiri, chai ya saa nne nakunywa Dodoma bila mgongo kuuma. Halafu asubuhi moja nafungua geti nakuta gari limepiga magoti mbele kama ng'ombe anayetaka kulala, zaidi upande wa kulia. Nawasha, linanyanyuka kwa kujivuta, na dashibodi inawaka taa ya njano na maandishi kwamba saspensheni ina hitilafu.

Fundi akachomeka mashine, ikatoka kodi ya hitilafu C1A20. Kwa Kiswahili chepesi kodi hiyo inasema upepo unajaa polepole mno kwenye tangi la saspensheni, maana hizi gari hubebwa na mabegi ya mpira yenye upepo badala ya springi, na kompresa ndiyo inayoleta huo upepo. Fundi akasema, "Bosi, kompresa imekufa." Sikuuliza swali hata moja. Bao la kwanza nilijifunga mwenyewe.

Nikaenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea. Wanaopajua wanapajua: ukitamka "kompresa ya Disko 4", kijana anapotelea uchochoroni, dakika tano karudi na boksi. Hakuniuliza mwaka, hakuniuliza chesisi namba, na mimi sikumwambia. Boksi jeupe, stika ina picha ya gari tu, namba hakuna. Kompresa yenyewe inang'aa kama sufuria ya harusi. Nikalipa. Ikafungwa, gari likasimama, nikapiga picha nikairusha kwenye grupu la familia.

Wiki ya saba ikaungua. Nikasema basi, vya boksi jeupe ni feki, safari hii nachukua used ya Dubai yenye jina la kiwanda. Hiyo nayo ikafika miezi mitatu kwa mbinde. Kila ikizimika inanuka plastiki iliyoungua, ikipoa inafanya kazi, ikichemka inajizima.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Kinondoni ambaye hata kompyuta hakuigusa kwanza. Alichukua tepu, akapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, magurudumu yote manne, akaandika vipimo kwa chaki sakafuni. Akachomoa fyuzi ya saspensheni, kwa sababu hizi gari huwa zinaamka zenyewe usiku kujisawazisha na ukiiacha fyuzi kesho yake hupati jibu. Asubuhi tukapima tena. Matatu yamebaki palepale, la mbele kulia limeshuka milimita 42. Akachanganya sabuni ya unga na maji kwenye chupa ya kupulizia, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akapuliza kwenye mkunjo wa begi la upepo. Viputo vikaanza kutoka, vidogo vidogo, kama soda iliyofunguliwa.

Begi ndilo lililokuwa linavuja. Kompresa zote zilikuwa zinakufa kwa kuhangaika kulijaza.

Na kulikuwa na la pili. Hizi gari zilifungwa kompresa za aina mbili kiwandani: mwanzo Hitachi, baadaye AMK. Zinakaa sehemu moja, upande wa kushoto chini ya chesisi, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Ukitoka Hitachi kwenda AMK inabidi programu ya kompyuta ya saspensheni isasishwe, na relei ibadilishwe palepale, maana relei iliyochoka ikiganda kompresa inapiga bila kupumzika mpaka iungue. Langu lilikuwa la Hitachi. Nilifungiwa AMK kavukavu, relei ileile ya 2010, programu ileile.

Sasa kabla hujanunua chochote, tafuta chesisi namba. Ina herufi na tarakimu 17, na kwa Land Rover za Uingereza inaanza na SAL. Nenda hadi ya kumi, hiyo ndiyo modeli ya mwaka: A ni 2010, B 2011, C 2012, D 2013, E 2014, F 2015, G 2016. Msitegemee mwaka uliopo kwenye kadi. Gari lililosajiliwa Uingereza mwishoni mwa 2011 linaweza kabisa kuwa modeli ya 2012, na hapo ndipo watu wanapoumia. Katalogi ya spea haijali kadi yako. Inasema "kuanzia chesisi hii mpaka ile", kwa zile herufi nane za mwisho.

Mfano ambao hata asiye fundi anauona: Discovery 4 ya otomatiki yenye rungu la gia ina gia boksi ya ZF ya gia sita. Ikiwa gia ni kile kitufe cha mviringo kinachochomoza ukiwasha gari, ni ZF ya gia nane. Oili yake tofauti, sampu tofauti. Ukienda dukani na kusema "oili ya gia boksi ya Disko 4" umeomba vitu viwili kwa wakati mmoja. Breki vilevile: ya injini ya 2.7 diski za mbele ni milimita 317, ya 3.0 ni 360. Nimeshaona mtu amebeba diski kutoka Dar hadi Mbeya, kufika hazijai.

Halafu haya madaraja ya spea. Watu wanasema "orijino" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna ya kwenye boksi la Land Rover. Kuna iliyotengenezwa na kiwanda kilekile kinachowauzia Land Rover, ila inakuja kwenye boksi la kiwanda chenyewe. Mfano mikono ya chini ya saspensheni ya Lemförder, au sampu na filta ya gia boksi ya ZF wenyewe. Hiyo ndiyo OEM, na kwa mfuko wangu ndipo ninapoishi. Kuna za viwanda vingine, hapo unakuta nzuri na unakuta takataka kwenye rafu moja. Na kuna mtumba.

Msimamo wangu, mnaruhusiwa kunipinga: mpira hauna mtumba. Begi la upepo, bushi, belti, mipira ya breki, ukinunua used umenunua umri wa mtu mwingine. Ila mlango, bampa, siti, kioo cha pembeni, chukua mtumba tu, usijitese.

Karibuni wenye uzoefu. Picha ya ile kompresa iliyoungua nitaiweka nikipata bando.

#2 Chuma Hakifi

Pole mkuu. Uzi mrefu, jibu fupi: uza hiyo kitu, nunua Land Cruiser 200 kama yangu. Mimi natembelea mjapani, sijui hata kompresa ya upepo inafananaje.

#3 Spana 17

Mleta uzi umeongea. Mimi ni fundi, niko Arusha, hapa Land Rover ni kama punda, kila nyumba ina yake au ina ndugu aliyenayo. Ila zile Land Rover 110 za kubebea watalii na hizi za kisasa ni wanyama wawili. Kwenye 110 ukibahatisha spea gari litakuvumilia. Huku kompyuta haikuvumilii.

Naongezea matatu ninayokutana nayo karibu kila wiki.

Betri. Kabla ya kununua spea yoyote ya umeme, pima betri. Betri ikichoka, volti zikishuka wakati wa kuwasha, hizi gari zinaanza kulalamika kila kitu: saspensheni, breki ya mkono, gia. Mteja anakuja na orodha ya spea za milioni nne, unaweka betri nzima, taa zote zinazima. Na kama gari lako ni lile linalojizima kwenye foleni na kujiwasha, linataka betri ya AGM, aina iliyotengenezwa kuhimili kuwasha mara nyingi. Betri ya kawaida utaifunga, itawasha, halafu miezi michache unanitafuta.

Swichi ya breki. Kile kidude kidogo juu ya pedeli kinachowasha taa za nyuma. Kwenye Discovery 3 hasa, kikichoka kinaleta maneno ya kutisha kwenye dashibodi, mara mfumo wa kushuka mlima umekufa, mara programu za barabara mbovu hazifanyi kazi. Kuna mama aliletewa makadirio ya kubadili transfa kesi nzima, akaja kwangu analia. Swichi. Kabaki na pesa ya kumnunulia mwanawe kitanda cha bweni.

Bushi za mikono ya chini. Hapa naomba msome polepole. Watu wananunua mkono orijino kabisa, Lemförder, wanalipa, halafu baada ya miezi sita bushi imechanika na wanasema wameuziwa feki. Spea haina kosa. Fundi ameinua gari, magurudumu yananing'inia, amekaza bolti palepale juu. Bushi ya mpira inatakiwa ikazwe gari likiwa kwenye kimo chake cha kawaida. Ukiikaza ikiwa inaning'inia, gari likishuka ile raba inabaki imesokotwa masaa yote, kama shingo ya mtu aliyelala vibaya kwenye basi. Lazima ichanike.

Na mkinunua mkono, nunueni na bolti zake. Gari za Uingereza zimelala kwenye chumvi ya barabarani wakati wa baridi. Bolti inashikana na chuma cha ndani ya bushi, haitoki, inakatwa kwa grainda. Nimeshaona gari limekaa juu ya mawe siku tisa linasubiri bolti. Halafu lipelekwe alaimenti, usiniambie "linaenda sawa tu".

#4 Chuma Hakifi

Spana 17 hiyo ya kukaza bushi inahusu gari zote au hizo za kizungu tu?

#5 Spana 17

Zote zenye bushi ya raba ya aina hiyo mkuu. Na ya kwako.

#6 Mpwa wa Sharjah

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mtu wa Unguja, nipo Sharjah mwaka wa nane sasa, kazi yangu ni hizihizi spea za mtumba, nafunga makontena ya Dar na Mombasa. Nitawaambia jambo ambalo wauzaji wenzangu hawatalipenda.

Gari za Ghuba karibu zote ni za petroli. Mwenye Discovery ya dizeli akiniagiza spea za injini "kutoka Dubai", ajue kitu hicho kimetoka Uingereza au Ulaya kikapita hapa, kikaongezewa bei, ndipo kinakwenda kwake. Kwa injini ya dizeli agizeni Uingereza moja kwa moja, mtaokoa.

La pili, gari za huku usukani uko kushoto. Watu hawalifikirii hilo wanapoagiza taa. Taa ya mbele ya gari la huku inamulika zaidi upande wa kulia wa njia. Ukiifunga kwenye gari la Tanzania au Kenya, unammulika dereva anayekuja mbele yako usoni kila usiku. Inajaa vizuri, inapendeza, na utatukanwa njia nzima. Dashibodi, stiaringi reki, mikono ya waipa, hivyo pia usinunue huku bila kuuliza. Milango ya nyuma, buti, rimu, siti za nyuma, vioo vya ubavuni, hivyo karibuni.

Na joto. Gari limekaa yadi, jua la Julai, miaka mitatu. Mleta uzi kasema mpira hauna mtumba, nami naongeza: mpira wa Sharjah ndio hauna kabisa. Ukiukunja unasikia unalia.

Akikutumia picha muuzaji yeyote, mwambie apige picha ya stika ya spea yenyewe, namba isomeke, na pembeni yake aweke karatasi yenye tarehe ya leo kwa mkono. Anayekataa hilo hana hiyo spea, anataka pesa yako ndipo aende kuitafuta.

#7 Nairobi Petroli

Salaam kutoka Nairobi. Hii thread imenifaa sana. Mimi niko na Range Rover Sport ya 2014, petroli 5.0 ya supacharja. Inapoteza maji polepole na chini hakuna tone. Kirinyaga Road nimeambiwa na maduka matatu vitu vitatu: mmoja rejeta, mmoja pampu ya maji, mmoja gasketi ya hedi. Huyo wa gasketi alikuwa tayari kuanza kazi siku hiyo hiyo. Nifanye nini?

#8 Spana 17

Nairobi Petroli, usifungue hedi bado. Tafuta mtu apampu mfumo wa maji kwa presha injini ikiwa baridi, aache ikae, halafu aangalie kwa tochi. Hiyo injini ina mabomba ya maji ya plastiki, moja mbele na lingine nyuma chini ya supacharja. Plastiki inapikwa miaka na miaka, inapasuka kwenye maungio. La nyuma likivuja maji yanabaki kwenye bonde la injini yanakauka na joto, ndiyo maana chini huoni kitu. V6 ya 3.0 ya supacharja ina ugonjwa uleule.

Kama ndilo, nunua yote mawili na oringi zake. Usibadilishe la mbele ukaacha la nyuma, kwa sababu kazi kubwa ni kuinua supacharja, bomba lenyewe ni dakika chache. Siku hizi kuna ya alumini yametengenezwa na viwanda vingine. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila kitu lazima kiwe kwenye boksi la kampuni: boksi la kampuni litakupa plastiki nyingine. Ila hiyo alumini isiwe ya kuokota, kagua maungio yake yawe laini, kidole kisikwaruzwe, maana ukwaruzi huo ndio unaokata oringi.

#9 Nairobi Petroli

Asante sana boss. Kesho naenda na hii post nimeiprinti.

#10 Mgeni Njiani

Wakuu naulizia belti ya taiming, 3.0 dizeli, nina kilomita 160,000, mwenye gari wa kwanza hana rekodi. Nimepata belti peke yake bei nzuri.

#11 Spana 17

Belti peke yake hapana. Kwanza ziko mbili: ya mbele ya taiming, na ya nyuma inayoendesha pampu ya dizeli ya presha. Wengi hubadilisha ya mbele wakasahau kuwa nyuma kuna nyingine. Pili, nunua seti nzima na tenshena na rola zake. Belti mpya juu ya beringi ya zamani ni shati jipya juu ya kidonda. Huna rekodi, vumbi letu, foleni zetu: mimi ningehesabu haijawahi kubadilishwa na nisingelipeleka gari mkoani kwanza.

Na oili. Gari yenye chujio la moshi, ile DPF, inataka oili yenye maandishi WSS-M2C934-B nyuma ya dumu. Isiyo nalo inatumia ya familia ya 913. "5W-30" peke yake haijakwambia kitu. Dumu mbili za 5W-30 zinaweza kuwa za gari mbili zisizofahamiana. Geuza dumu usome nyuma.

#12 Chuma Hakifi

Nimerudi. Msinicheke. Shemeji yangu ana Lexus LX570, jana kaniomba nimsindikize kununua shokapu. Tumenunua nne mpya, fundi kaziangalia kasema hazifungiki hivihivi, gari lina saspensheni ya mafuta inayopanda na kushuka. Muuzaji anasema ni za "V8, zote sawa". Harudishi pesa.

#13 Mleta uzi

Hahaha karibu chamani mkuu. Hiyo ni AHC, shokapu zake zinapitisha mafuta na zina zile tufe za gesi pembeni. Mara nyingi gari likiwa gumu tufe ndizo zimekwisha, shokapu hazina tatizo. Hata hiyo Land Cruiser 200 yako, angalia kama ina KDSS, ule mfumo wa stabilaiza zinazoendeshwa kwa mafuta, kabla hujanunua chochote cha chini, stabilaiza zake si za isiyo na KDSS.

#14 Chuma Hakifi

Nimeangalia. Ninayo. Sikuwa najua.

#15 Mleta uzi

Mrejesho wakuu, naona watu wanauliza mwisho wake nini.

Nimefunga mabegi mawili ya mbele, yote mapya. Mzee alikataa kubadili moja. Alisema la kushoto lina umri uleule na litafuata tu, na kweli lilipotoka mkunjo wake ulikuwa na nyufa kama udongo wa Dodoma mwezi wa kumi. Kompresa ni AMK mpya, safari hii na relei mpya na programu imesasishwa kabla gari halijawashwa. Vali za kugawa upepo zilisafishwa pia, zilikuwa zimejaa unga mweupe: ni zile punje za kukaushia upepo, zikichoka zinasagika na kusafiri kwenye mipira. Kama unabadili kompresa na huko ndani kuna unga, huo unga utakwenda kuziba vali.

Wiki tano sasa. Kila Jumapili usiku nachomoa fyuzi, Jumatatu asubuhi napima kwa tepu. Tofauti kubwa kuliko zote imekuwa milimita 3. Mke wangu anasema naliangalia gari kuliko ninavyomwangalia yeye, hilo nalifanyia kazi.

Halafu kuna hii ya kuuma. Ile Hitachi ya kwanza, iliyokuja na gari, sikuwa nimeitupa. Nimempelekea mzee akaifungua mbele yangu. Kikaushio kimelowa, basi. Pistoni safi, pete nzima. Kaweka punje mpya, kaichomeka kwenye betri juu ya meza, ikapiga upepo mpaka geji ikapanda bila kusita. Niliwahi kulipa pesa mara mbili kubadilisha kitu kizima.

#16 Mgeni Njiani

Mkuu hiyo Hitachi unaiuza? Na mimi ninayo Disko 4.

#17 Mleta uzi

Nitumie kwanza chesisi namba yako.